Picha na saini za maombi ya mtihani: simu au skana ya dukani?
Mwombaji wa mitihani ya IBPS, inayochuja watumishi wa benki za umma nchini India, hutakiwa kupakia picha ya kilobaiti 20 hadi 50, saini ya kilobaiti 10 hadi 20, alama ya kidole gumba cha kushoto, na tamko lililoandikwa kwa mkono.

Kwa gharama, simu haina mpinzani, hasa kwa anayeomba mitihani kadhaa kwa mwaka. Picha ya uso nayo hutoka vizuri kwa simu mbele ya ukuta mweupe mchana, ilhali picha iliyochapishwa kisha ikaskaniwa hupoteza ukali wake.

Saini ni habari nyingine. Skana huilaza karatasi bapa na kuimulika sawasawa, hivyo wino mweusi hubaki mweusi. Simu huacha kivuli cha mkono na kingo zilizopinda, na mtu akiibana faili nzima, yaani kupunguza kilobaiti zake, kabla ya kukata nafasi tupu pembeni, mistari ya saini hufifia. Kata kwanza, ndipo ubane. Tamko la mkono, lenye maneno mengi, huumia zaidi.

Usiri hauko salama popote: kompyuta ya dukani huweza kubaki na nakala, na tovuti za kupunguza picha vilevile.

Mwenye kamera nzuri na siku za kutosha kabla ya dirisha la maombi kufungwa atumie simu. Aliyebakiwa na saa chache, na duka liko jirani, askani angalau saini na tamko.