Mtumbwi wa Derby na mawe yake

Mimi mtoto wa Tanga, babu yangu alikuwa fundi wa mitumbwi. Shemeji aliponiambia kwamba Derby Museum, huku Uingereza, kuna mtumbwi wa miaka 3,400 hivi, nilimcheka. Gogo gani la kudumu hivyo? Jumamosi nikaenda na mke wangu na binti yetu. Kiingilio bure.

Basi ni gogo kweli. Mti mmoja wa mwaloni, umekombwa ndani kama babu alivyokuwa akiukomba mwembe kwa tezo. Uliibuka mwaka 1998 huko Shardlow, kusini mwa Derby, kwenye machimbo ya kokoto karibu na mto Trent. Jina lake, Hanson, ni la kampuni iliyokuwa ikichimba pale.

Lakini mimi niligandishwa na mawe. Ulikutwa na shehena yake ndani, mawe ya mchanga kutoka King's Mills, jirani tu na hapo, na inadhaniwa yalikuwa yakipelekwa kuimarisha njia ya kuvukia mto. Sisi wa pwani nani hajaona mtumbwi umeshindiliwa mawe mpaka maji yanaramba ukingo, na mwenyewe bado anasema ongeza? Binti akauliza, "Baba, mwenye mtumbwi aliogelea?" Nikamwambia inshallah aliogelea.

Kilichoniuma ni kwamba waliukata vipande kwa msumeno ili ubebeke kwenda York kutibiwa. Babu angewafukuza na shoka. Nilipotulia nikawaelewa: mti ulioshiba maji ni mzito vibaya mno, tena haungoji. Mtumbwi mzima tu, ukiuacha kwenye jua la Januari bila kuufunika makuti, unapasuka, sembuse huu. Kule uliloweshwa kwenye dawa ya jamii ya nta, ikashika nafasi ya maji, ndipo ukakaushwa.

Ukienda na mtu asiyejali vyombo, mpeleke kwenye picha za Joseph Wright, mchoraji wa Derby wa karne ya 18, jengo hilo hilo. Mke wangu alipotelea huko saa nzima. Chai kanyweni nyumbani, maana mkahawa tulioingia baadaye, mtaa wa pili, ulitutoza bei ya pilau.

Nyota tano kutoka kwangu. Picha nilimtumia baba mdogo, ambaye bado anachonga. Hakuuliza miaka wala mawe. Alitaka kujua mbele yake ni wapi: "Omo ni upande upi hapo?"