Mita tatu, gari moja: ipi inasema kweli kuhusu chaji?

Haya jamani, karibuni. Boneti iko wazi kama mnavyoona, na hapa juu ya kitambaa nimepanga vitu vitatu. Kuna mita ya kawaida ya kidijitali, hii ya manjano. Kuna kijidude cha kuchomeka kwenye tundu la sigara, kinachoonyesha volti kwa namba nyekundu. Halafu kuna mita ya kubana, hii yenye taya kama koleo. Vyote vinauzwa kwa ahadi moja: utajua kama alteneta yako, ile mashine inayozalisha umeme injini ikizunguka, inachaji betri bila kumwita fundi. Ahadi hiyo kimoja kinaitimiza, kimoja kinaitimiza nusu, na cha tatu inategemea umenunua kipi.

Tuanze na kijidude, maana ndicho watu wanakipenda. Gari linanguruma, nakichomeka: 13.6. Sasa naweka mita ya manjano moja kwa moja kwenye betri: 14.2. Dakika ileile, gari lilelile! Nikiwasha taa kubwa na feni, kijidude kinashuka hadi 13.1 huku betri bado iko 14.0. Hakijaharibika. Umeme unaofika kwenye tundu umepita kwenye nyaya nyembamba, fyuzi na swichi, na kote huko volti zinapungua njiani. Mtu asiyejua ataona 13.1 akimbilie kununua alteneta. Mimi nakiacha ndani kwa kazi moja tu: nikiwa safarini, namba iliyozoea kukaa 13.6 ikianguka ghafla hadi 12 na kuendelea kushuka, najua mkanda unaozungusha alteneta umekatika au alteneta yenyewe imeacha kuchaji, na natafuta pa kusimama.

Mita ya manjano ndiyo kifaa chenyewe. Waya mweusi uingie tundu la COM, mwekundu uingie tundu la V. Tafadhali sana, usiuweke kwenye tundu la 10A ukagusa betri! Hapo unakuwa umeunganisha betri kwa betri yenyewe. Cheche, fyuzi ya mita kwaheri, na ukikosa bahati nyaya zinayeyuka mkononi. Pete na bangili vua. Swichi izungushe kwenye volti za mkondo mnyoofu (DC), namba 20.

Pima kwanza gari likiwa limelala usiku kucha. 12.6 betri imejaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 nusu, chini ya 12 huna kitu. Usipime ukiwa umetoka kuegesha, utaona namba nzuri ya uongo. Halafu mwenzako awashe gari huku unaangalia: wakati stata, ile mota ya kuwashia injini, inazunguka, volti zisishuke chini ya 9.6. Hapa mita hii ina udhaifu, skrini yake ni nzito, tukio linapita kabla namba haijabadilika. Ukipata yenye kitufe cha MIN/MAX, inakushikia ile namba ya chini kabisa. Ningeanza kuchagua mita kwa kuangalia kitufe hicho, si rangi wala mfuko wake.

Gari likishawaka, tarajia kati ya 13.8 na 14.5. Washa taa kubwa, feni ya juu kabisa, hita ya kioo cha nyuma, kisha mwenzako apige resi kidogo, mizunguko 2000 hivi kwa dakika. Ikibaki juu ya 13 na ushee, alteneta inabeba mzigo. Ikikaa 12 na kuzidi kushuka, haichaji. Ikipita 15, regyuleta, kifaa kinachodhibiti volti za alteneta, ina tatizo na betri inachemshwa. Ila magari ya siku hizi, kompyuta ndiyo inayoamua chaji. Unaweza kuona 12.8 kwa muda, kisha 14.7, na hakuna ubovu wowote. Ukiona kidude cha plastiki kwenye waya wa hasi wa betri, jua gari lako ni la aina hiyo, usilihukumu kwa namba moja.

Sogeza kamera hapa. Karibu zaidi. Mnaona hiki kichwa cha madini ya risasi kinachotokeza kwenye betri, na hiki kibano cha waya kilichokizunguka? Watu wengi wanagusa kibano, na mimi nilikuwa hivyohivyo. Gari langu la zamani lilikuwa linagoma asubuhi, tak-tak-tak, halafu kimya. Fundi mmoja akasema alteneta imekufa, nikabadilisha. Wiki tatu, tak-tak-tak. Nikashika mita, kwenye kibano nikasoma 14.2. Nikasogeza ncha sentimita moja tu, kwenye risasi yenyewe: 13.1. Volti nzima imepotelea kwenye nafasi isiyoingia hata kucha! Nilipofungua kibano nikakuta unga mweupe wenye ukijani. Maji ya moto, msasa, nikakaza, namba zikalingana. Alteneta ya zamani nilikuwa nimeshamwachia fundi, na yeye hakuuliza kama naitaka.

Kwa hiyo pima sehemu zote mbili. Kama nyaya unazitilia shaka, weka ncha moja kwenye nati kubwa ya nyuma ya alteneta na nyingine kwenye chanya ya betri, taa zikiwaka. Isizidi volti 0.3. Ikizidi, waya au viungio vinakula chaji. Angalia tu mikono na shati visikaribie mkanda.

Kipimo cha diodi, vile vipande ndani ya alteneta vinavyogeuza mkondo geu kuwa mnyoofu, pia kipo: rudisha ncha kwenye betri, geuza swichi kwenye volti za mkondo geu (AC), gari likiwaka. Ikizidi nusu volti, diodi moja imeondoka. Ila mita nyingine za bei ya chini hapa zitakuandikia kama 30 hivi. Usishtuke, ni mita imechanganyikiwa, alteneta haihusiki. Hii ya manjano ilifaulu.

Mita ya kubana: kabla hujalipa, soma maandishi karibu na alama ya A. Nyingi zinapima ampea, yaani wingi wa umeme unaopita kwenye waya, za mkondo geu peke yake, na kwa betri ya gari hazina maana yoyote. Mimi ya kwanza ilikuwa hivyo, iko kwenye droo mpaka leo. Hii ya pili inapima mnyoofu, na ni tamu: unabana waya wa betri bila kufungua kitu, unaona ampea zinaingia kwa wingi gari likiwaka, kisha zinapungua betri inapojaa. Kwa umeme unaovuja usiku, ule wa ampea 0.05 kushuka, haina umakini wa kutosha.

Mwenye haibridi, gari la injini na mota ya umeme, nyaya za chungwa zenye umeme mkali usiziguse, na usihangaike kutafuta alteneta, nyingi hazina.

Na ile ya kuchomoa betri gari likiwa linawaka ili kuona kama litazima, acheni. Volti zinaruka ghafla zinaunguza kompyuta.

Jambo la mwisho: betri ndogo ya ndani ya mita ikichoka, mita nyingi huanza kusoma juu kuliko ukweli. Juzi nimeona 15.4 nikaanza kulaani regyuleta. Nikabadilisha betri ya mita. 14.3.