Projekta za kukodisha Oginga Odinga Street: kwa sisi wa sanaa ya video wako sawa, spika zao tu ndio usahau

Nawapa nyota nne hawa jamaa wa kukodisha projekta na kutengeneza TV pale ghorofani, na naandika kama mtu anayeanza kwa hii mambo ya video na instalesheni (sanaa unayoipanga ikajaza chumba kizima, watu wakapita ndani yake) hapa Kisumu, si mtu wa harusi, kwa hivyo kama unataka ya harusi soma tu sehemu ya spika upite.

Wengi wanaokodisha projekta town wamezoea makanisa na matanga, masaa matatu slaidi zimeisha watu waende kula. Sasa wewe uende useme unataka mashine iwake kutoka asubuhi hadi usiku siku nne mfululizo, video ya dakika sita ikijirudia yenyewe, wanakuangalia ni kama unataka kuwachomea taa. Hawa hawakushtuka. Fundi aliuliza kwanza chumba kina madirisha mangapi, halafu stima ya huko hupoteapotea ama vipi, ndio akatoa mashine. Mimi nilikuwa nakimbilia ile ndogo ya bei rahisi akaniambia "omera, hiyo ni ya kuangalia mpira bedroom."

Na si uongo. Zile ndogo za mtandaoni kwa boksi zimeandikwa lumeni 9000, yaani kipimo cha mwangaza, na ukiwasha mchana huoni kitu. Namba ya kuuliza ni ANSI lumeni, ile imepimwa kwa kiwango rasmi, hizo zingine ni za kuuzia tu. Nilipewa ya lumeni 3000 na kitu, ile ya kukaa karibu, mita moja inakupa picha ya upana wa kama mita mbili, so watu wanapita na vivuli vyao havikati picha.

Mimi sikupiga kwa ukuta lakini, nilipiga kwa wavu wa samaki. Video ni wamama wakianika omena huko ufuoni Dunga, picha inaangukia wavu umening'inia kutoka dari, halafu mwanga unaopenya unafika ukuta wa nyuma ukiwa umepanuka, mama mmoja unamwona mara mbili, mdogo na mkubwa. Nilikuwa nimeanza na wavu wa mbuta, macho yake makubwa sana, mwanga wote unapita unabaki na kamba. Wa omena macho ni madogo, unashika rangi mpaka ile fedha ya samaki inaonekana.

Bei ni 2,500 kwa siku, ukichukua siku nne unalipa tatu, M-Pesa, na wanabaki na ID yako. UPS, ile betri inashikilia stima ikipotea, walinipa bure. Usiidharau, stima ikienda ghafla taa ikiwa moto feni nayo inazima, na hivyo ndio taa zinakufa, UPS inakupa dakika za kuizima vizuri ipoe. Na hii bei ni muhimu kwa sababu kuuza video ni hadithi nyingine, unauza nakala chache zenye namba, tatu ama tano hivi, kila moja na cheti chake, na ukiwa bado unaanza hakuna anayenunua, unalipia kila kitu na pesa ya kushuti harusi za watu.

Kitu kimenifanya niandike ni hii. Instalesheni ukishaivunja haiko tena. Watu wa Nairobi, wa galari ya Circle ama NCAI, ile taasisi ya sanaa ya kisasa, ama wale wa residensi huko nje wanaoalika wasanii wakae wafanye kazi kwao, hawatakuja kuona wavu wako, wataona video ya dakika mbili na picha kumi, na hizo ndizo zinakupa kazi inayofuata ama zinakunyima. Sasa projekta nyingi za aina ya DLP ndani zina gurudumu la rangi linazunguka mbio, jicho halilioni lakini kamera inaliona, unapata mistari ya rangi inakimbia kwa picha yote. Fundi alijua hiyo kabla nimwambie! Siku ya mwisho akanibadilishia ya 3LCD, aina isiyo na hilo gurudumu, bila kuongeza hata shilingi, tukasogeza meza nyuma maana hiyo si ya kukaa karibu, nikarekodi usiku picha safi kabisa. Ukikosa 3LCD weka shata ya kamera kwa 1/60 ya sekunde, mistari itapungua.

Alafu huko nyuma kwa store wana Great Wall zimepangwa hadi dari, zile TV watu waliacha tangu tuhame dijitali 2015. Ulizia. Kwa hii sanaa hiyo ni dhahabu, Nam June Paik mwenyewe, yule wanamwita baba wa sanaa ya video, alianza na TV za kawaida tu huko Wuppertal, Ujerumani, 1963. Beba kibadilishi cha HDMI kwenda AV, wao hawana.

Spika sasa. Ni za kanisa, zinavuma hata kama hakuna kitu kinacheza, na sauti ya ziwa ilitoka kama mtu anakaanga chapati. Nyota ya tano ilienda hapo. Beba zako ama weka hedifoni.

Wakikwambia watatuma na boda kataa, chukua tuktuk ushike mashine kwa mapaja. Jumapili wamefunga, na Disemba ulizia mapema maana harusi zinamaliza zote.