SSD kwa laptopu ya zamani: ipi ichukue kwanza, ipi iache dukani

ThinkPad T430, Latitude E6430, EliteBook 8470p: zote ni laptopu za mwaka 2012, na hadi leo unazikuta Kariakoo na Luthuli Avenue, zimeletwa kama mtumba baada ya ofisi za Ulaya kuzitumia na kuziacha. Prosesa zake za i5 bado zina nguvu ya kutosha kuandika barua, kufanya mahesabu ya Excel, kufungua intaneti na kuonyesha video za masomo. Kinachomfanya mwenye nayo awashe kisha akae ameshika tama ni diski ya kuzunguka iliyo ndani. Ukiitoa hiyo na kuweka SSD, yaani diski ya chipu isiyo na kinachozunguka, umeinusuru mashine ambayo mwingine angeitupa.

Diski ya zamani ina sahani inayozunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika, na kichwa kinachohamahama juu yake kutafuta data. Kila kikihama hutumia zaidi ya milisekunde kumi. Windows inapowaka husoma maelfu ya mafaili madogo yaliyotawanyika, na ndiyo maana taa ya diski haitulii. SSD haina kinachozunguka. Faili hulifikia kwa muda ulio chini ya milisekunde moja. Haidhuriki na mitikisiko ya daladala au bodaboda kama diski ya kuzunguka inavyoweza kudhurika ikiwa imewashwa.

Kwa hiyo usihangaike na namba kubwa za kasi zilizoandikwa kwenye boksi. Njia ya SATA, ile inayounganisha diski na ubao wa laptopu hizi, hufikia takriban megabaiti 550 kwa sekunde, na karibu SSD zote za makampuni yanayojulikana zinafika hapo au karibu na hapo. Pesa yako ilipie uhalisi wa kifaa, waranti na ukubwa.

Kabla ya kwenda dukani, jua laptopu yako inapokea umbo gani. Nyingi za 2012 hadi 2015 hupokea SSD ya inchi 2.5 yenye unene wa milimita 7. Lakini Latitude E7240 na E7440 hutumia kadi ndogo ya mSATA, na ukinunua ya inchi 2.5 utairudisha. Za baadaye zina M.2, kadi nyingine nyembamba, na hapo ndipo watu wengi wanapopoteza hela: M.2 ya SATA na M.2 ya NVMe, njia mpya yenye kasi zaidi, zinafanana kwa umbo, na laptopu inayotambua SATA tu haitaiona NVMe hata kidogo. EliteBook 840 G3 ina nafasi ya M.2 na ya inchi 2.5 pia. MacBook Pro ya 2012 isiyo ya Retina hupokea inchi 2.5, ila ule waya mwembamba wa diski yake unajulikana kwa kufa, hivyo nunua na waya mpya kabisa. MacBook Air za 2010 hadi 2017 zina kiunganishi cha Apple yenyewe, M.2 ya kawaida haiingii moja kwa moja. Na zile laptopu ndogo za bei nafuu ambazo hifadhi yake imelehemiwa kwenye ubao, ziache zilivyo.

Ukubwa: chukua GB 500. GB 240 zinamtosha mwanafunzi au karani asiyeweka sinema, lakini hujaa haraka, na SSD iliyojaa hupungua kasi. TB 1 ni ya wanaohariri video au wenye picha nyingi.

Sasa mpangilio wangu.

Ya kwanza ni Samsung 870 EVO ya GB 500. Ina waranti ya miaka mitano, na kampuni inaihakikishia kuandikwa hadi terabaiti 300. Ndani yake kuna DRAM, kumbukumbu ndogo inayotunza ramani ya mahali kila data ilipo. Jambo hili lina uzito kwenye SATA kuliko kwenye NVMe: NVMe isiyo na DRAM inaweza kuazima kipande cha RAM ya kompyuta, SATA haiwezi. SSD ya SATA isiyo na DRAM inabidi isome ramani hiyo kutoka kwenye chipu zilezile za data, na utaliona hilo siku unapohamisha mafaili mengi huku diski imekaribia kujaa. Tatizo la 870 EVO ni kwamba umaarufu wake umezaa za kughushi. Ukishaifunga, weka programu ya Samsung Magician ikuthibitishie kama ni halisi.

Ya pili, kwa tofauti ndogo sana, ni Kingston KC600 ya GB 512 au Crucial MX500 ya GB 500. Zote zina DRAM na waranti ya miaka mitano. Kama duka unaloliamini lina mojawapo kwa bei ya chini kuliko Samsung, chukua bila wasiwasi. Kuhusu Crucial, kampuni mama yake, Micron, ilitangaza Desemba 2025 kwamba inajiondoa kwenye biashara ya kuwauzia watumiaji wa kawaida kwa jina hilo, huku ikisema itaendelea kuheshimu waranti. Zilizobaki madukani hazina ubaya wowote kwa sababu hiyo.

Ya tatu ni Kingston A400 au Crucial BX500 za GB 480. Hizi ndizo mafundi wengi watakazokupa, na sina ugomvi nao. Hazina DRAM na waranti ni miaka mitatu, lakini kwa mtu anayetoka kwenye diski ya kuzunguka mabadiliko ni makubwa mno. A400 ya GB 480 imehakikishiwa terabaiti 160 za kuandikwa. Ukiandika gigabaiti 20 kila siku, hesabu inapita miaka ishirini. Kama bajeti inabana, nunua hii na kiasi kinachobaki ongeza RAM. Laptopu yenye RAM ya GB 4 itaendelea kukwama hata ukiiwekea SSD ya kifalme. Ipeleke GB 8.

Ya nne itawashangaza baadhi: SSD iliyotumika, iliyochomolewa kwenye laptopu za ofisi, kama zile Samsung PM871. Mimi naipa nafasi juu ya SSD mpya isiyo na jina, kwa sharti kwamba muuzaji anakubali uichomeke na kuipima mbele yake. Fungua CrystalDiskInfo, programu ya kupima diski, tazama asilimia ya afya na saa ilizofanya kazi. Ikiwa na afya ya asilimia 90 na zaidi, bila sekta mbovu, ni mali. Akikataa isipimwe, aga uende.

Ya mwisho, ambayo nasema wazi usinunue, ni ile yenye jina usilowahi kulisikia, TB 2 kwa bei ya GB 240. Rahisi ghali. Nyingi za namna hii zimechezewa fimwea, programu ya ndani ya diski, ili Windows ione TB 2 wakati ndani kuna sehemu ndogo tu. Data ikizidi pale inapotea kimya kimya, na mtu anakuja kugundua wakati wa kufungua picha za harusi. Kama tayari unayo, ijaribu kwa programu ya H2testw, ambayo huandika hadi mwisho kisha kusoma tena. Kwa SSD yoyote uliyouziwa kama mpya, saa za kazi zikisoma mamia, siyo mpya.

Kwenye ufungaji, angalia jambo moja linalowakwamisha wengi. Ukitaka kuhamisha Windows nzima kwa Clonezilla, programu ya kunakili diski nzima, diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani. Ya zamani ikiwa GB 500, SSD ya GB 480 itagoma kwa utaratibu wake wa kawaida; ya 500 au 512 inapita. Mimi hupendelea kuweka mfumo upya kabisa, kwa sababu takataka za miaka kumi hazina haja ya kuhamishwa. Ingia BIOS, mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, uhakikishe SATA iko kwenye hali ya AHCI, inayoifaa SSD, kabla hujaanza. Kumbuka pia Windows 10 iliachwa rasmi 14 Oktoba 2025, na mashine hizi za 2012 hazimo kwenye orodha ya Windows 11. Linux Mint, mfumo wa bure unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, inakaa vizuri sana kwenye SSD ya SATA na RAM ya GB 8.

Wenye T430 wataona ndani kuna tundu la mSATA na kutamani kulitumia. Linafanya kazi, ila kwa nusu ya kasi ya nafasi kuu. Weka SSD kwenye nafasi kuu, na diski ya zamani ihamie kwenye fremu inayokaa mahali pa DVD, au nunua kasha la USB uitumie kubebea mafaili. Usiifute katika wiki za mwanzo, mpaka uhakikishe nyaraka zako zote zimefika upande wa pili.