Vitabu vya Picha vya Dinosaria kwa Mtoto Mwenye Wasiwasi: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Mtoto wa miaka minne au mitano hasemi kwamba ana wasiwasi. Husema tumbo linauma, hukataa kuvaa soksi, au huomba maji kwa mara ya tatu baada ya taa kuzimwa. Mzazi anayeingia dukani kumtafutia kitabu huwa anajua kuna jambo, lakini hajui ni jambo gani. Kwa wanangu wawili, vitabu vya picha vyenye dinosaria vimenisaidia kuliko vile vyenye watoto wa kawaida, kwa sababu mtoto huona wepesi kuzungumzia hofu ya mnyama mwenye meno kama misumari kabla hajakubali kuitaja hofu yake mwenyewe. Navipanga hapa kwa kipimo kimoja tu: kitabu kikishafungwa, je, mtoto amesema neno ambalo hakuwa amelisema kabla?

Nafasi ya kwanza naipa We Don't Eat Our Classmates cha Ryan T. Higgins, kilichotoka Marekani mwaka 2018, na ambacho jina lake ni sawa na kusema kwamba sisi hatuwali wenzetu darasani. Penelope Rex, binti wa dinosaria mla nyama, anaanza shule akiwa na hofu, na baba yake amemfungashia mikate 300 yenye samaki jodari pamoja na juisi moja ya tufaha. Anapofika anakuta wanafunzi wenzake ni watoto wa binadamu, na kwa kuwa watoto wa binadamu ni watamu, anawala wote. Mwalimu anamwamuru awateme. Wanatoka wakiwa wamelowa mate, na tangu hapo hakuna anayetaka kucheza naye, hadi siku ambayo samaki wa darasani aitwaye Walter anamuuma kidole na yeye mwenyewe anaonja uchungu wa kugeuzwa chakula.

Kitabu hiki kinabeba wasiwasi wa aina mbili kwa pamoja, yaani wa mtoto anayeogopa wenzake na wa mtoto ambaye wenzake wanamwogopa, na huyo wa pili husahauliwa na vitabu vingi. Mwanangu wa kiume alikuwa wa kundi la kwanza, au nilidhani hivyo. Wiki ya kwanza ya darasa la awali alilia kila asubuhi, nami nikaamini kwamba kuna mtoto anayemwonea. Usiku tulipofika kwenye picha ya samaki, aliweka kidole juu ya Walter, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, mimi siogopi watoto. Naogopa choo cha shule, mlango wake ukifungwa hakuna taa." Nilikuwa nimemuuliza jambo hilo kwa siku tano mfululizo bila kupata jibu. Kitabu chenyewe hakisemi lolote kuhusu vyoo. Kilimpa tu nafasi ya kuwa karibu na mtu mwingine anayeogopa shule. Angalizo langu ni kwamba mtoto aliye chini ya miaka mitatu anaweza kuamini kweli kwamba watoto wameliwa, hivyo mzazi akipitie kwanza, na kwa mdogo kiasi hicho asubiri.

Cha pili ni How Do Dinosaurs Say Good Night? cha Jane Yolen, chenye michoro ya Mark Teague, cha mwaka 2000. Dinosaria wakubwa kupita kiasi wamejazana katika vyumba vya kulala vya watoto, na wazazi wao ni binadamu wadogo waliochoka. Maandishi yanauliza maswali kuhusu vituko ambavyo dinosaria angeweza kufanya anapoambiwa alale, na mtoto, hata asiyejua Kiingereza, hujibu "Hapana!" kila ukurasa mara tu mzazi anapolitafsiri swali kwa sauti ya mshangao. Jina la kila dinosaria limefichwa mahali fulani katika chumba chake, na kulitafuta kunampa mtoto sababu ya kutulia kitandani. Kasoro yake ni moja, nayo si ndogo: kinahusu zaidi adabu ya kwenda kulala kuliko hofu ya giza, kwa hiyo mtoto anayeogopa kivuli cha kabati hatapata humo cha kumliwaza. Waandishi hao hao wana kitabu cha kuugua, How Do Dinosaurs Get Well Soon? cha mwaka 2003, na cha shule, How Do Dinosaurs Go to School? cha mwaka 2007. Kwa kuwa vyote vina mtindo uleule wa maswali, ninashauri mzazi anunue kimoja tu kulingana na tatizo alilo nalo, na kwa mtoto anayekataa dawa au anayetetemeka mbele ya daktari, kile cha kuugua kitangulie hata hiki cha kulala.

Nafasi ya tatu ni ya Harry and the Bucketful of Dinosaurs, cha Waingereza Ian Whybrow na Adrian Reynolds, kilichochapishwa mwaka 1999. Harry anakuta dinosaria wa kuchezea katika dari ya nyumba, anawaosha, anajifunza jina la kila mmoja na kutembea nao ndani ya ndoo, kisha anawasahau kwenye treni. Katika ofisi ya vitu vilivyopotea anathibitisha kwamba ni wake kwa kuwaita majina. Mtu mzima anaweza kuiona hasara hiyo kuwa ndogo, lakini kwa mtoto aliyepoteza mwanasesere wake ndani ya daladala, ni msiba kamili, na kitabu hiki kinauheshimu msiba huo bila kuucheka. Nakala niliyoinunua kwanza ilikuwa ya mtumba, na nyumbani nikagundua kwamba imechanwa kurasa za mwisho, kiasi kwamba dinosaria walipotea kwenye treni na hawakupatikana tena. Binti yangu hakulala mpaka nilipombunia mwisho. Tangu siku hiyo nahesabu kurasa kabla ya kulipa: vitabu vingi vya picha vya aina hii huwa na kurasa 32, na katikati, pale penye uzi au pini, ndipo karatasi hunyofoka bila mtu kutambua.

Baada yake naweka Tyrannosaurus Drip cha Julia Donaldson na mchoraji David Roberts, cha mwaka 2007. Yai la dinosaria mla majani linaingia katika kiota cha wala nyama, na kinda anayetoka humo anakua akidharauliwa kwa kuwa hafanani na nduguze wala hapendi chakula chao. Mtoto aliyehamia shule mpya, au anayelelewa kwa ndugu, ataielewa hadithi hii mara moja. Nimekishusha nafasi ya nne kwa sababu ya lugha tu. Kimeandikwa kwa vina, na mzazi anayekitafsiri papo hapo kwa Kiswahili hupoteza mdundo ambao ndio nusu ya utamu wake, ilhali vile vitatu vya juu huhimili kusimuliwa kwa lugha ya nyumbani. Familia ambayo watoto wake wanakifahamu Kiingereza vizuri inaweza kukipandisha hadi nafasi ya pili.

Viwili vya Laurie Krasny Brown na Marc Brown siviweki katika orodha hii kabisa, ingawa ni vya maana sana: Dinosaurs Divorce cha mwaka 1986, kinachohusu talaka ya wazazi, na When Dinosaurs Die cha mwaka 1996, kinachohusu kifo. Hivi si vitabu vya zawadi ya siku ya kuzaliwa. Ni maelezo ya wazi, kwa michoro, kuhusu kwa nini mambo haya hutokea, mtoto huhisi nini na watu hufanya nini baadaye, na hununuliwa jambo likishatokea au likiwa mlangoni. Mzazi asome kwanza peke yake hadi mwisho, kwa kuwa kile cha kifo kinazungumza bila kuficha, na baadhi ya maelezo yake kuhusu maziko na maisha baada ya kifo yatahitaji kuunganishwa na imani ya nyumba yenyewe.

Kuhusu umbo, mtoto aliye chini ya miaka mitatu atafutiwe toleo la kurasa ngumu za kadibodi pale linapopatikana, na kwa wakubwa zaidi jalada gumu linastahili gharama yake ikiwa ndugu watarithishana. Kwa kuwa vyote nilivyovitaja vimeandikwa kwa Kiingereza, jaribio zuri dukani ni kufungua kurasa tatu na kujaribu kuzisimulia kwa Kiswahili ukitazama picha tu. Picha ikishindwa kueleza nani anaogopa nini, kirudishe kwenye rafu.

Hatimaye mtoto atauliza kama wanyama hawa wanaweza kuja usiku, na vitabu hivi havimjibu, hivyo mzazi aende dukani akiwa na jibu lake. Walitoweka miaka milioni 66 hivi iliyopita, wakabaki ndege peke yao. Mimi humwambia wangu pia kwamba mmoja wao aliishi kwetu, katika eneo la kilima cha Tendaguru mkoani Lindi, ambako Wajerumani walichimba mifupa kati ya mwaka 1909 na 1913 na wapagazi wakaibeba hadi bandarini, na kwamba yule ambaye Watanzania wengi humwita mjusi wa Tendaguru amesimama leo katika jumba la makumbusho mjini Berlin akiwa na urefu wa zaidi ya meta 13 kwenda juu. Binti yangu aliposikia hivyo aliuliza swali moja tu, kama mjusi huyo hajisikii mpweke huko, kisha akaomba tusome tena cha Harry.