Matangazo ya Programu za VPN na Programu Saidizi: Aina Zipi Zitangulie, Zipi Ziachwe

Anayetangaza mchezo wa simu ana kitu cha kuonyesha, lakini anayetangaza VPN, yaani programu inayoficha mawasiliano ya mtu mtandaoni, anauza huduma ambayo ikifanya kazi vizuri haionekani hata kidogo. Programu saidizi, kama vile viskani vya hati, visafishaji vya hifadhi na visoma msimbo wa QR, zina shida nyingine: mtu huzihitaji kwa dakika chache, kisha huzisahau. Kwa sababu hiyo mpangilio ninaoutoa hapa haufuati bei ya kila usakinishaji, ingawa ndiyo bei inayotajwa kwanza na wauzaji wa matangazo. Kigezo ni hali aliyokuwa nayo mtu alipokutana na tangazo: je, alikuwa anaitafuta huduma hiyo, alikuwa akimsikiliza mtu anayemwamini, au alikuwa akihangaika kulifunga tangazo ili aendelee na shughuli zake?

Hesabu ndogo itaonyesha kwa nini. Tuseme, kwa mfano tu, mtandao mmoja wa matangazo unakuuzia usakinishaji kwa nusu dola, nawe kwa dola 500 unapata watu 1,000, lakini wanaolipia usajili ni wanne. Tangazo la utafutaji linakugharimu dola 3 kwa kila usakinishaji, kwa hiyo kwa fedha ileile unapata watu 166 pekee, ila kumi kati yao wanalipa. Kila msajili wa mtandao huo amekugharimu dola 125, wa utafutaji dola 50. Isitoshe, duka la Apple kwa kiwango chake cha kawaida hukata asilimia 30 ya malipo ya usajili katika mwaka wa kwanza na asilimia 15 baada ya hapo, kwa hiyo usajili wa dola 60 kwa mwaka hukuachia dola 42, na hata yule msajili wa dola 50 hajarudisha gharama yake mpaka atakapolipia mwaka wa pili. Muuzaji asiyekubali kuzungumzia lolote baada ya usakinishaji anakuuzia nusu ya habari.

Nafasi ya kwanza naipa matangazo ya utafutaji ndani ya maduka ya programu. Apple ilianza kuyauza mwaka 2016, na kwa maelezo yake yenyewe karibu asilimia 65 ya upakuaji katika duka lake hufanyika mara baada ya mtu kutafuta. Hulipi tangazo linapoonekana, bali linapoguswa, na bei hupatikana kwa mnada. Neno «vpn» lenyewe ni ghali kwa kuwa kila mwenye huduma hiyo anaweka dau juu yake, na anayeliandika huenda bado hajui anachokitaka. Misemo mirefu zaidi, kama «kuskani hati kuwa PDF» au «VPN ya kompyuta na simu», ina watafutaji wachache lakini nia yao iko wazi. Utaratibu unaofaa ni kufungua kampeni mbili: moja yenye ulinganisho mpana (tangazo huonekana hata kwa maneno yanayokaribiana na yako) kwa dau dogo, ambayo kazi yake ni kukuonyesha watu wanaandika nini hasa, na nyingine yenye ulinganisho kamili (kwa neno lako lenyewe tu), ambayo unaihamishia yale maneno yaliyoleta wasajili. Soma ripoti ya maneno kila wiki na uyafungie yasiyohusika, kwa maana mwenye kisafishaji cha simu atashangaa kuona fedha zake zimekwenda kwa watu waliokuwa wakitafuta mashine za kufulia. Jina la programu yako mwenyewe lilipie dau pia, kwa sababu washindani wako hakika watalilipia.

Upande wa Android mambo si mepesi hivyo. Kampeni za programu za Google hazikuachii uchague maneno. Unakabidhi maandishi, picha na video, kisha mfumo unaamua tangazo lionekane kwenye utafutaji, kwenye duka la Play, YouTube au ndani ya programu za watu wengine. Usukani pekee wenye nguvu uliobaki mikononi mwako ni tukio unalouambia mfumo ulitafute. Ukiuagiza usakinishaji, utakuletea usakinishaji wa bei rahisi. Ukiuagiza mwanzo wa kipindi cha majaribio au malipo ya kwanza, bei itapanda na watu watapungua, lakini watakuwa watu wa aina nyingine kabisa. Naona huo ndio ununuzi wa busara kwa VPN, mradi matukio ni mengi kiasi cha mfumo kujifunza kutoka kwayo.

Ya pili, kwa VPN peke yake, ni udhamini ndani ya video za watengeneza maudhui. Dakika moja ya mtu anayeaminika akieleza namna data inavyofichwa kwa msimbo kabla ya kutoka kwenye simu hufanya kazi ambayo bango haliwezi. Faida nyingine ni kwamba video hubaki mtandaoni, na kiungo kilichoko chini yake huendelea kuleta wasajili muda mrefu baada ya malipo kwisha. Kasoro ni kwamba unalipa kabla ya kujua matokeo, na kipimo chako ni msimbo wa punguzo ambao watu wengi husahau kuuandika. Andika wewe mwenyewe mambo ambayo msemaji hapaswi kuyasema. Mwaka 2019 mamlaka ya viwango vya matangazo ya Uingereza ililizuia tangazo la televisheni la NordVPN kwa kutia chumvi hatari ya mitandao ya wazi ya Wi-Fi. Tovuti nyingi tayari huficha mawasiliano yake kwa msimbo, na VPN haiondoi virusi wala haimfanyi mtu asijulikane kabisa. Udhamini wenyewe utajwe waziwazi.

Jirani wa udhamini ni tovuti za ulinganisho, ambazo hulipwa kamisheni pale tu mauzo yanapofanyika. Kifedha hakuna aina yenye hatari ndogo zaidi, lakini kamisheni inayodaiwa ni kubwa, na nafasi za juu haziko wazi kwa kila mtu: mwaka 2021 Kape Technologies, kampuni iliyoinunua huduma ya VPN ya ExpressVPN mwaka huohuo, ilinunua pia Webselenese, yenye tovuti ya ulinganisho ya vpnMentor.

Video fupi kwenye mitandao ya kijamii naziweka nafasi ya tatu kwa VPN, na nafasi ya pili kwa programu saidizi. Karatasi iliyokunjamana ikigeuka hati safi ndani ya sekunde tano haihitaji maelezo, ilhali ngao ya buluu ya tangazo la VPN inayozunguka juu ya ramani ya dunia haimwambii mtu chochote. Tatizo ni upimaji: tangu toleo la 14.5 la iOS, mfumo wa iPhone, lililotoka Aprili 2021, programu lazima imwombe mtumiaji ruhusa kabla ya kumfuatilia katika programu na tovuti za kampuni nyingine, na taarifa zinazopitia mfumo wa Apple huja zimechelewa na zimejumlishwa. Usiihukumu kampeni ya iPhone kwa matokeo ya siku mbili.

Baada ya hizo huja video za zawadi na matangazo ya skrini nzima ndani ya michezo. Hapa mnunuzi atenganishe mambo mawili yanayouzwa kwa pamoja. Katika video ya zawadi, mchezaji hupewa sarafu kwa kutazama, na akisakinisha amefanya hivyo kwa hiari. Katika ukuta wa ofa, hupewa sarafu kwa kusakinisha kwenyewe, na huiondoa programu mara tu sarafu zikiingia. Aina ya pili haifai kwa VPN kabisa. Tangazo la skrini nzima nalo lina ujanja wake: alama ya kufungia huwa ndogo kuliko ncha ya kidole, hivyo miguso mingi unayolipia ni ya watu waliokuwa wakijaribu kutoka. Dai orodha ya programu ambamo tangazo lako limeonekana, na uondoe michezo ya watoto kwanza. Programu saidizi zinazojiendesha kwa matangazo, ambazo kila mtumiaji huziletea senti chache tu, zinaweza kuanzia hapa kwa sababu haziwezi kumudu mnada wa utafutaji.

Mabango ya pikseli 320 kwa 50 ni rahisi na hayaudhi mtu. Pia hayakumbukwi na mtu.

Mwisho kabisa ni arifa za kivinjari na madirisha yanayofunguka nyuma ya ukurasa, aina ambazo hunadiwa sana kwa wenye VPN na visafishaji. Bei yake huvutia, lakini tazama kinachouzwa. Kwenye iPhone, arifa za tovuti huwezekana tangu iOS 16.4 ya mwaka 2023, tena kwa tovuti ambazo mtu ameziweka kwenye skrini ya mwanzo tu, kwa hiyo unachonunua ni Android na kompyuta. Chrome ilianza kuficha maombi ya arifa yanayosumbua mwaka 2020. Kibaya zaidi, mawakala wa mitandao hii hutengeneza matangazo wenyewe, na yanayopata miguso mingi ni yaleyale: usuli mwekundu, saa inayorudi nyuma, na maneno «Simu yako ina virusi 4» juu ya nembo iliyoigwa ya mtengenezaji wa simu. Atakayewajibika ni mwenye programu. Mwaka 2024 kampuni za Restoro na Reimage, zilizouza huduma za kurekebisha kompyuta kwa tahadhari za uongo za namna hiyo, zilikubali kulipa dola milioni 26 kumaliza shauri la tume ya biashara ya Marekani, FTC. Ukiamua kujaribu hata hivyo, jaribu kwenye kompyuta, kwa maandishi uliyoyaidhinisha wewe, na kwa vyanzo, yaani tovuti na programu za kuonyeshea tangazo, ulivyovitaja kimoja kimoja.

Vilevile chagua nchi kabla ya kuchagua aina ya tangazo. Urusi imepiga marufuku kutangaza njia za kukwepa vizuizi vya mtandao tangu Machi 2024, na Apple iliziondoa VPN nyingi katika duka lake la China mwaka 2017. Kampeni ya dunia nzima isiyotenga nchi za namna hiyo hupoteza fedha au huingia matatani.

Jambo la mwisho ni la mkataba. Kwenye Android kuna programu zinazovizia usakinishaji unapoanza, kisha hutuma mguso wa uongo ili zidai malipo. Tangu 2017 duka la Play hutoa saa ya mguso na saa ya kuanza kusakinisha, kwa hiyo mguso uliokuja baada ya usakinishaji kuanza ni wa kughushi. Mkataba useme kwamba usakinishaji wa aina hiyo haulipwi, kwamba vyanzo vyote vitaorodheshwa, na kwamba hakuna tangazo litakalochapishwa kabla hujaliona.