Tathmini ya darasa la kuchunguza mabaki ya chombo cha angani, Malindi

Ninaandika tathmini hii kwa walimu wenzangu na wazazi wa Malindi wanaotafuta shughuli ya Jumamosi yenye uzito wa kielimu. Katika ukumbi mmoja wa kukodi mtaa wa Shela kunaendeshwa darasa la siku moja linalofundisha jinsi ajali ya chombo cha angani inavyochunguzwa kwa kutumia mabaki yaliyookotwa. Niliwapeleka wanafunzi wangu wa fizikia wa kidato cha tatu, na naona ada ya shilingi 600 kwa kila mmoja, chai na mahamri vikiwemo, ni ya haki. Ubora wa darasa hili ni kwamba jibu halitolewi mapema. Watoto hukabidhiwa vipande na kulazimika kuvihoji mpaka viseme.

Ajali inayotumiwa kama mfano ni ya Columbia, chombo cha shirika la anga la Marekani, NASA, kilichosambaratika juu ya Texas tarehe 1 Februari 2003, dakika 16 hivi kabla ya wakati wake wa kutua. Somo halianzi kabla majina ya wanaanga wote 7 waliofariki hayajasomwa kwa sauti: Rick Husband, William McCool, Michael Anderson, Kalpana Chawla, David Brown, Laurel Clark na Ilan Ramon. Niliuthamini utaratibu huo, kwa sababu vipande vinapoanza kuitwa kwa namba ni rahisi kusahau kwamba ndani ya chombo mlikuwa na watu. Kisha huelezwa ukubwa wa kazi yenyewe: watu zaidi ya 25,000 walishiriki katika msako, vikapatikana vipande karibu 84,000, na hata hivyo vyote kwa pamoja vilikuwa kama asilimia 38 tu ya uzito wa chombo.

Zoezi la kwanza hufanyika uwanjani nyuma ya ukumbi, ambako wakufunzi wametawanya vipande vya bati la aluminiamu na vya vigae vya udongo ambavyo fundi wa kuchomelea amevikata na kuviunguza. Sharti ni moja, nalo halilegezwi: hakuna kuinua kipande kabla mahali pake hapajapimwa na kuandikwa. Kikundi kimoja cha wanafunzi wangu kiliokota kwanza na kutaka kuandika baadaye, kikarudishwa kianze upya, na walioona adhabu hiyo ni kali walielewa sababu muda mfupi baadaye. Columbia ilikuwa ikiruka kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa hiyo kilichobanduka mapema kwa jumla kiliangukia magharibi zaidi. Kigae cha kukinga joto kilichopatikana magharibi kuliko vipande vyote, karibu na mji wa Littlefield, kilitoka katika bawa la kushoto, na mtawanyiko wa mabaki ya bawa hilo ukawa ushahidi kwamba ndilo lililoanza kuharibika. Mkufunzi aliongeza tahadhari ambayo vitabu vya shule huipita haraka: kipande chepesi na kipana hupunguzwa mwendo na hewa na kuchukuliwa na upepo kuliko kipande kizito, hivyo mahali peke yake hapatoshi mpaka uzito na umbo viingizwe katika hesabu.

Vipande vikishaandikwa huingizwa ukumbini na kupangwa sakafuni katika miraba ya chaki, juu ya mchoro wa bawa. Ndivyo ilivyofanyika katika banda kubwa la Kennedy Space Center, kituo cha NASA huko Florida, ila huko ukingo wa mbele wa bawa la kushoto uliundwa upya pia kwa kusimamishwa, vipande vikishikizwa kwenye fremu za plastiki angavu ili wachunguzi waone ndani na nje kwa pamoja. Darasa lina fremu ndogo ya aina hiyo, na hapo ndipo penye utamu wa siku nzima. Ukingo wa kila bawa la Columbia ulikuwa na paneli 22 za kaboni iliyoimarishwa, na upande wa ndani wa mabaki ya paneli ya 8 ya kushoto ulikutwa na tabaka nene za metali iliyoyeyuka na kuganda. Mwanafunzi wangu mmoja, akishika kipande cha mazoezi kilichotengenezwa kwa mfano huo, aliuliza, "Mwalimu, mbona aluminiamu imekaa juu, haikutangulia chini?" Akajibiwa, "Kilichoyeyuka kwanza ndicho kilichoganda kwanza, mwanangu. Sasa niambie moto ulipitia wapi." Katika Columbia tabaka la chini lilikuwa la nyuzi za kauri za kuhami joto na aloi ya nikeli iliyozifunika, na aluminiamu ya mhimili wa bawa ilifuata baadaye. Mpangilio huo ulionyesha kwamba gesi yenye joto kali iliingia kupitia tundu la paneli, ikala kinga ya ndani, ndipo ikaufikia mhimili.

Jambo jingine linaloelezwa vizuri ni kinasa data kilichookotwa karibu na Hemphill tarehe 19 Machi. Kabla ya hapo wengi waliitilia shaka sehemu ya magurudumu ya kushoto, kwa kuwa ndiko takwimu zilizorushwa ardhini zilikoelekea. Utepe wa kinasa hicho ulionyesha joto limepanda mapema nyuma ya paneli ya 9, mahali palepale vipande vilipokuwa vikielekeza. Mwezi Julai, huko San Antonio, povu la kuhami joto la tangi la nje la mafuta, lililoshukiwa kuligonga bawa wakati wa kuruka, lilirushwa kwa mzinga wa hewa kwenye paneli ya 8 halisi na kutoboa tundu la sentimita 40 hivi kila upande. Kipande cha povu kilichoigonga Columbia sekunde 82 baada ya kuruka kilikuwa na uzito usiofika kilo moja.

Kasoro zipo, na ningependa zirekebishwe. Michoro yote imeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo muda mwingi hupotea mkufunzi akiifafanua. Kubwa zaidi ni kwamba bodi ya uchunguzi iliyoongozwa na Admirali Harold Gehman ilisema utamaduni wa shirika la NASA ulichangia ajali sawa na lile povu, na kwamba wahandisi walioomba bawa lipigwe picha chombo kikiwa angani hawakupata walichoomba. Mambo hayo yanatajwa dakika za mwisho, watu wakikusanya mikoba. Kwa vijana watakaofanya kazi chini ya wakubwa wao, sehemu hii ingestahili angalau saa nzima.

Sehemu ya ajali ya Challenger, chombo kingine cha NASA, ya mwaka 1986 ni fupi, lakini wavuvi wawili waliokuwepo waliifuata kwa makini, kwani mabaki yake yalitafutwa baharini na kipande cha roketi ya kulia chenye tundu la kuungua kikatolewa chini ya maji. Katika pwani hii, ambako roketi zilirushwa kutoka majukwaa ya Ngomeni kati ya 1967 na 1988, ikiwemo iliyobeba setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, somo hilo si la mbali. Wakufunzi pia hueleza la kufanya raia akikuta kitu kilichoanguka kutoka angani, wakitumia ile pete ya chuma ya kilo 500 iliyoanguka kijiji cha Mukuku, Makueni, Desemba 2024: usikiguse, wazuie watoto, ripoti polisi, na usikubali kikatwe kuwa chuma chakavu.

Ningewashauri walimu walete vikundi vidogo, kwa sababu fremu ni moja na foleni yake ni ndefu, na wasilete watoto wa chini ya kidato cha pili, ambao hesabu za mwendo na uzito zitawaacha nyuma.